Ukarabati wa kiwanja cha gofu Tanga: kufunga mashimo yote tisa au kwenda matatu matatu, na pesa itoke wapi

Masika ikipiga usiku kucha hapa Tanga, kesho yake asubuhi nenda kasimame kwenye grini ya shimo la nne, ile nyasi fupi inayozunguka tundu la bendera. Ukinyanyua mguu, alama ya kiatu inajaa maji taratibu, kama unyayo wa mtu ufukweni. Mwezi Mei nilikwenda pale na kopo la maziwa ya unga nililolikata pande zote mbili. Nikalikandamiza kwenye nyasi mpaka likazama vidole viwili, nikalijaza maji, nikasimamisha rula ndani. Mzee mmoja aliyebeba mifuko ya wachezaji tangu ujanani, ambaye sasa anaongoza vijana wa kukata nyasi, akasogea.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Ukimaliza na kopo lako, nusa na hiki.”

Akazamisha panga pembeni ya grini, akainua kipande cha udongo kama mtu anayekata keki. Juu nyasi, chini yake mizizi isiyozidi urefu wa kidole, kisha tabaka jeusi linalonata, linalonuka yai viza. Chini ya hapo mfinyanzi mtupu. Mizizi ilikuwa imefika kwenye lile tabaka, ikakataa kushuka, ikatambaa ubavuni. Baada ya saa nzima maji ndani ya kopo yalikuwa yameshuka milimita 8. Kipimo cha chama cha gofu cha Marekani, USGA, ambacho klabu nyingi duniani hukifuata zinapojenga grini mpya, ni milimita 150 kwa saa, na hicho ndicho cha chini kabisa.

Nimeanza na kopo kwa sababu mazungumzo yetu ya ukarabati yamekuwa ya rangi ya jengo, viti vya baa na mchanga mweupe wa bunka, yale mabonde ya mchanga ya kumkwamisha mchezaji. Kazi yangu ya kila siku ni ukadiriaji majenzi, na nimo kwenye kamati ndogo itakayopeleka pendekezo kwenye mkutano mkuu. Njia zilizo mezani nimezilinganisha hapa, kwa ajili ya wanachama wenzangu na kwa klabu nyingine ndogo za mashimo 9 zinazojiuliza maswali haya haya. Kwenye mengi nina upande, na nitausema.

Kufunga kiwanja chote, au matatu matatu

Wanaotaka kufunga chote wana hoja nzito. Mkandarasi analeta mitambo mara moja, anaondoka mara moja. Malori yanapita kwenye njia moja iliyoharibika tayari. Nyasi za grini zote zinapandwa kwa wakati mmoja na kukomaa pamoja, kwa hiyo mpira haukimbii kwa kasi moja shimo la kwanza na nyingine shimo la saba. Na bei kwa kila mita huwa chini, maana gharama ya kusafirisha katapila ni ileile ukilitumia wiki mbili au miezi minne.

Kwenda matatu matatu kunachukua misimu mitatu. Kila msimu mitambo inarudi, na kila mara unalipia usafiri upya. Wachezaji wanapiga mashimo sita yaliyobaki, au unawatengenezea grini za muda kwenye feawei, ile njia ndefu ya nyasi inayoelekea grini: unakata sehemu yake chini zaidi na kuweka bendera. Si raha kuzichezea.

Hata hivyo, weka watu kwenye mizani. Tukifunga chote, hesabu miezi 9 hadi 12 bila ada ya kucheza, bila mashindano, na baa inayouza soda tatu kwa siku. Wanachama wanaacha kulipa ada ya mwaka, na mtu aliyezoea kukaa bila klabu mwaka mzima si rahisi kumrudisha. Halafu kuna makedi, wabeba mifuko ya wachezaji. Hawa hawana mshahara, wanalipwa kwa mzunguko. Mchezaji asipokuja Jumamosi, nyumbani Ngamiani au Mwambani sufuria haitengwi jikoni. Sijaona bajeti hata moja ya kufunga chote yenye mstari wa kuwalipa makedi, na mimi pendekezo lisilo na mstari huo sitalisaini. Kwenye njia ya matatu matatu vijana hao hao wanaweza kuajiriwa kuchimba mitaro na kupanda nyasi, na wanaijua ardhi ile kuliko mkandarasi yeyote.

Faida nyingine ya kwenda kidogo kidogo huonekana msimu wa pili: makosa ya grini tatu za kwanza hayarudiwi kwenye sita zilizobaki. Kwenye kazi zangu za majenzi, nyumba ya kwanza kwenye mradi wa nyumba kumi ndiyo huwa na kasoro nyingi. Grini nazo ni hivyo hivyo.

Ningechagua kufunga chote iwapo masharti mawili yatatimia pamoja: pesa yote iko benki kabla ya jembe la kwanza kushuka, na mfumo wa maji umeshawashwa na kujaribiwa. Moja likikosekana, matatu matatu.

Grini: kufumua au kupasua mitaro

Hapa ndipo pesa nyingi huliwa, na hapa ndipo watu huchagua kwa kusikia jina. Bei za mchanga hupanda na kushuka, kwa hiyo nitahesabu kwa malori. Chukua grini ya mita za mraba 450, ambao ni ukubwa wa kawaida, na lori la mita za ujazo 15.

Njia ya kwanza ni kufumua kabisa kwa muundo wa USGA, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1960. Unachimba, unalaza mabomba yenye matundu ndani ya mitaro, unatandaza kokoto sentimita 10, kisha juu yake mchanga uliochaguliwa sentimita 30. Ujanja wake uko pale mchanga unapokutana na kokoto. Mchanga hushikilia maji mpaka ushibe, ndipo huyaachia chini kwa mkupuo. Kiangazi mizizi inapata akiba, masika maji hayasimami. Ni muundo mzuri mno. Grini moja inakula mita za ujazo 135 za mchanga na 45 za kokoto. Grini tisa ni malori 81 ya mchanga na 27 ya kokoto, jumla 108, kabla hujahesabu mchanga unaokaa na kushuka.

Tanga kuna tatizo ambalo vitabu vya ng’ambo hulitaja kwa mstari mmoja tu: kokoto. Muundo huo unakataza mawe laini ya chokaa, na chokaa ndiyo jiwe la hapa kwetu. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya chokaa, na viwanda vya saruji vipo Tanga kwa sababu ya chokaa. Maji yenye mbolea yakipita kwenye kokoto laini kila siku kwa miaka 15, zinamomonyoka na kuziba nafasi ambazo umezilipia. Kabla ya kuandika oda, chukua kokoto za machimbo matatu, ziloweke, zigonge, zipeleke maabara. Za jiwe gumu zikitoka mbali, gharama ya dizeli iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Na mchanga wa ufukweni usifikiriwe. Una chumvi, una vipande vya kombe, na kuchimba ufuko ni kuila pwani yetu wenyewe. Wa mto unafaa ukipimwa kwa chekecheo: angalau asilimia 60 ya chembe ziwe kati ya milimita 0.25 na 1, na vumbi la mfinyanzi lisizidi asilimia 3. Nyumbani anza na chupa ya maji. Tia mchanga, tikisa, acha usiku kucha. Ukikuta asubuhi utando mnene wa tope juu ya mchanga, usipoteze pesa ya maabara.

Njia ya pili ni mchanga huo huo sentimita 30 uliolazwa moja kwa moja juu ya udongo uliosawazishwa, na mabomba ndani ya mitaro, bila tabaka la kokoto grini nzima. Unaokoa sehemu kubwa ya malori 27. Unapoteza ile akiba ya maji, kwa hiyo Januari na Februari utamwagilia zaidi.

Njia ya tatu haifumui kitu. Unabandua nyasi kwa mistari, unachimba mitaro myembamba ya sentimita 12 kwa upana na 40 kwa kina, kila baada ya mita 2, unalaza bomba, unajaza mchanga, unarudisha nyasi juu. Grini ya mita za mraba 450 inahitaji mita 225 za mtaro na takribani mita za ujazo 11 za mchanga. Grini zote tisa ni malori saba. Saba, dhidi ya 108. Na baada ya siku chache watu wanacheza.

Kwa nini basi tusipasue mitaro kote na kumaliza? Kwa sababu mtaro unaondoa maji yanayoufikia. Katikati ya mtaro na mtaro udongo unabaki uleule, na kama juu kuna utando mnene wa nyasi zilizooza, maji hayatashuka hata kwenye mtaro. Lazima uiandame kazi hiyo kwa kutoboa grini mara kwa mara na kutandaza mchanga mwembamba mwaka hadi mwaka. Sentimita moja kwa mwaka kwa grini tisa ni kama mita za ujazo 40, malori matatu. Ni kazi ya subira, isiyopigiwa picha, na mwenyekiti anayetaka kukata utepe haipendi. Na grini iliyo bondeni, ambayo bomba lake halina pa kumwagia, mitaro haitaiokoa.

Pendekezo langu ni mchanganyiko. Grini tatu zilizo bondeni, ikiwemo ya nne, zifumuliwe na kuinuliwa. Sita zilizobaki zipasuliwe mitaro. Hesabu inakuja malori 41 hivi kwa kiwanja chote. Kabla ya hapo kila grini ipimwe kwa kopo na kwa panga la mzee, sehemu tatu tofauti, na matokeo yabandikwe ubaoni ili mkutano usibishane kwa hisia.

Nyasi

Ukoka wetu wa kienyeji hauna mpinzani kwenye feawei. Ni mzaliwa wa huku, unavumilia jua, unafufuka wenyewe ukipata mvua, na hauhitaji kuagizwa. Kwa feawei na kingo sioni sababu ya kuutoa.

Kwenye grini ndipo pa kuchagua. Ukoka wa kawaida ukikatwa chini ya milimita 6 unakuwa na vipara. Chotara zake, kama Tifdwarf na TifEagle zilizozalishwa Tifton, Georgia, zina jani dogo, na TifEagle hukatwa hata milimita 3. Mpira unateleza kama juu ya kigae. Lakini TifEagle ni mgonjwa wa kudumu asiyetaka kuachwa wikendi: inataka kuchanwa, mchanga kila baada ya wiki mbili, mashine ya silinda iliyonolewa sawasawa na fundi anayejua kuinoa. Klabu yenye mashine moja ya grini na pesa ya mafuta ya kudunduliza isijitwishe mzigo huo. Tifdwarf inatosha kwetu.

Chotara hizi hazina mbegu inayoota, hupandwa kwa vipande. Kwa hiyo miezi mitano au sita kabla ya ujenzi weka kitalu. Mita 50 za mraba za kitalu kizuri zinaweza kupanda takribani grini moja ya mita 450. Ukiagiza miche kutoka nje ya nchi, anza na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, usije ukakuta boksi limekaukia mpakani.

Aina ya tatu ni paspalamu ya pwani, inayostahimili chumvi kuliko zote. Kuichagua au kuiacha kunategemea maji, na ndiyo maana kipimo cha kisima kinatangulia oda ya nyasi.

Maji kabla ya nyasi

Niliwahi kuitwa kukagua hesabu za kiwanja kimoja cha pwani, sitakitaja. Grini zilijengwa vizuri ndani ya miezi mitatu na nyasi zikapandwa kwa shangwe. Pampu ilikuwa bado njiani. Ikafika miezi mitano baadaye. Katikati hapo walimwagilia kwa maboza, na pesa ya maboza ikameza pesa ya bunka, kisha ya njia za kutembelea, kisha ya mashine ya kukatia. Grini nne zilikufa na kupandwa upya. Nilizipitia risiti zile za maji moja moja mpaka nikaona uchungu, maana kila karatasi ilikuwa na saini ya mtu aliyekuwa anajaribu kweli kuokoa nyasi.

Hesabu yetu ni hii. Siku ya kiangazi nyasi hupoteza maji ya kimo cha milimita 5 hivi. Grini tisa ni mita za mraba 4,050, yaani lita 20,000 kwa siku. Vituo vya kuanzia, pale mchezaji anapopigia mpira wa kwanza wa kila shimo, tuseme mita za mraba 200 kila kimoja, vinaongeza lita 9,000. Maboza matatu ya lita 10,000. Feawei zikiwa hekta 10, zingetaka lita 500,000 kwa siku, sawa na maboza 50. Kwa klabu ya ukubwa wetu feawei zinyweshwe na Mungu. Mfumo wa vinyunyizi uishie kwenye grini na vituo, na bomba kuu liwe na ukubwa wa kuruhusu kuongeza baadaye.

Vyanzo vya kulinganisha ni vitatu. Maji ya bomba ya Mamlaka ya maji ya Tanga, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ni safi na ya uhakika kuliko mengine, lakini unalipa bei ya maji ya kunywa kunyweshea nyasi, na ukame ukija wananchi watangulie, kama inavyostahili. Kisima kirefu kinakupa uhuru. Kinataka kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, na karibu na bahari kina hatari yake: ukivuta kwa nguvu kila siku, maji ya chumvi yanasogea. Kipimo cha chumvi kiitwacho EC kikiwa chini ya 0.7 dS/m, kwa mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hakuna tatizo. Kikivuka 3 ni tatizo kubwa kwa mimea mingi. Ukoka ni mvumilivu zaidi ya mazao ya shamba, lakini ukiona namba inapanda kila mwaka, hapo ndipo paspalamu inapojilipia.

Chanzo cha tatu ni mvua. Paa la mita za mraba 600 kwa mvua yetu ya milimita 1,300 hivi kwa mwaka linaweza kukupa lita 600,000 na ushee. Inasikika nyingi. Ni maji ya grini kwa mwezi mmoja. Yafaa kama akiba ya siku ambayo pampu imeungua, kwa hiyo tanki na mifereji ya paa viwemo, ila mpango usisimame juu yake.

Chaguo langu ni kisima chenye pampu ya sola inayojaza tanki mchana, na laini ya Mamlaka kama msaada. Udongo na maji vipimwe TARI Mlingano, Muheza. Kituo cha utafiti wa udongo kiko mlangoni kwetu, na kuna watu wanatoka mikoa ya mbali kukifuata.

Pesa itoke wapi

Njia nne zinazungumzwa. Nazilinganisha kwa mfano wa klabu yenye wanachama 120 inayotafuta shilingi milioni 200. Ni namba ya kufanyia hesabu tu, makadirio halisi yatatoka kwenye BOQ, orodha ya kazi na vifaa vyote pamoja na bei zake.

Mchango maalumu wa wanachama: kila mmoja 50,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu ni milioni 216. Kwenye karatasi kazi imekwisha. Kwa uzoefu wangu wa vikundi, panga kwa asilimia 70 ya watu watakaolipa kweli, na hapo unapata milioni 151. Pengo la milioni 49 lijulikane mapema. Ubora wa mchango ni kwamba hauna riba, na unaingia polepole kwa mwendo uleule wa kujenga matatu matatu. Ubaya wake ni mwanachama mstaafu anayeishi kwa pensheni. Yeye apewe njia ya heshima: alipe nusu, au asimamie kitalu. Tusimpoteze mtu aliyekitunza kiwanja miaka 30 kwa sababu ya 50,000.

Mkopo wa benki: milioni 200 kwa riba ya asilimia 15 na miaka mitano ni marejesho ya karibu milioni 4.8 kila mwezi. Mwisho umelipa milioni 285. Hizo 85 za juu ni grini kadhaa. Na rejesho la kwanza linadaiwa wakati nusu ya kiwanja ni vumbi na ada ya kucheza imeshuka. Wenzangu wananikumbusha kwamba Mamlaka ya maji ya Tanga mwaka 2024 ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, kwa miaka 10, riba asilimia 13.5, na watu wakainunua. Ndiyo, nami najivunia. Ila tazama kilicho nyuma yake: bili za maji za mji mzima, kila mwezi, mvua au jua. Klabu ina wanachama 120 na wageni. Na wageni wa sasa, wanaokuja kwa ajili ya bandari na bomba la mafuta la Chongoleani, wengi ni watu wa ujenzi. Ujenzi ukiisha, wanafungasha. Mkopo wa miaka mitano uliokadiriwa kwa wageni wa miaka miwili utalipwa na nani? Ningekopa kwa kitu kimoja tu, kisima na pampu, na kiasi kisichozidi ada ya miezi sita ya klabu.

Udhamini wa kampuni: kila shimo lipate mdhamini, jina lake kwenye ubao wa kituo cha kuanzia kwa miaka mitano. Mashimo tisa, wadhamini tisa. Ni pesa nzuri ukiandika mkataba mfupi unaosema nini kitajengwa na lini, na ukampelekea mdhamini picha kila mwezi. Isitegemewe kwa matengenezo ya kila siku, kwa sababu meneja aliyekupenda akihamishiwa Mwanza, anayekuja hana habari na wewe.

Ya nne ndiyo inayoninyima usingizi. Mwekezaji anapewa ekari mbili upande wa barabara, anajenga nyumba za kupangisha, naye analipia ukarabati wote. Mchango sifuri, riba sifuri. Naelewa kwa nini mkono unainuka haraka kuikubali. Lakini ardhi imeshikiliwa kwa hati yenye matumizi yaliyoandikwa, na kuyabadili ni safari ya mipango miji inayopitia Halmashauri ya Jiji na Wizara, si makubaliano ya watu watatu kwenye meza ya baa. Wadhamini wa klabu, yaani wale wanaotunza mali yake, si kampuni za kwenye ubao, wameshika ardhi ile kwa niaba ya wanachama ambao bado hawajazaliwa. Grini hudumu miaka 15 hadi 30, kisha unaijenga tena. Safari hiyo utamega ekari zipi? Kama lazima mwekezaji aje, apangishwe sehemu ya mgahawa au uwanja wa mazoezi kwa miaka michache, mkataba upite kwa wakili wa klabu, na ardhi ibaki kwenye hati ileile.

Kwa hiyo: mchango kwa grini, udhamini kwa vituo na bunka, mkopo mdogo kwa maji. Akaunti iwe ya peke yake, yenye saini tatu, mmoja wao akiwa nje ya kamati. Kwenye bajeti weka VAT ya asilimia 18, mstari ambao wajumbe huusahau mara nyingi kuliko wote, na fedha ya dharura asilimia 15, maana chini ya ardhi hakuna anayeona. Mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na sehemu ya malipo yake izuiwe mpaka masika moja ipite juu ya kazi yake. Masika ndiyo mkaguzi wangu.

Kuhusu bunka sina mengi. Mchanga wake huchakaa baada ya miaka 5 hadi 7, na tuna bunka nyingi kuliko uwezo wa kuzitunza. Zifukiwe ambazo mpira hauzifikii, zibaki mbili kwa shimo. Jengo lipigwe rangi na wanachama wenyewe Jumapili moja.

Kalenda

Mwaka wa kwanza: vipimo na kisima kabla ya Desemba, kitalu kikiwa kimeanza. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na ardhi ikiwa kavu, tupasue mitaro kwenye grini sita, tatu kwa mwezi, ili masika izijaribu. Grini tatu za bondeni zifumuliwe kuanzia Julai, zipandwe mwishoni mwa Septemba ili vuli izikute zimeshika mizizi. Zikipandwa Aprili, mvua moja ya usiku itabeba mchanga na miche pamoja. Wiki 10 hadi 12 baada ya kupandwa zinachezeka. Misimu miwili inayofuata ni ya vituo vya kuanzia, bunka na kukamilisha vinyunyizi, mashimo matatu matatu.

Ya nne, ambayo itafumuliwa Julai, mzee ameomba tuipasulie mtaro mmoja wa majaribio sasa hivi, kwenye kona ya chini, tuone maji yanaelekea wapi. Jumamosi iliyopita nilimkuta ameshavuta kamba ya katani kutoka kigingi hadi kigingi, akipima mteremko kwa bomba la plastiki lililojaa maji, vidole viwili kila mita mbili, mpaka kwenye korongo la mwembe. Mkutano mkuu ukitupa ruhusa, kazi ya kuchimba ni ya asubuhi moja.